Remorke Haina Freni Yake

Wanafunzi wenzangu,

Kila mwaka wakati wa kuvuna mpunga, trakta zinapita hapa Luberizi na remorke zimejaa mifuko, na kila siku naona vijana wetu wenye mashati meupe wakikimbia nyuma yake ili wajining'inize mpaka karibu na kwao. Mimi kama kapiteni wa shule nimepewa kazi ya kuandika majina. Lakini jina kwenye karatasi halimfundishi mtu kitu. Kwa hiyo leo naandika sababu.

Mjomba wangu ni shofa wa trakta, na wakati wa likizo namsaidia kupakia. Yeye husema: "Trakta naiendesha mie, lakini remorke ndiyo inaniendesha." Hebu tupige hesabu. Mifuko 40 ya kilo 100 ni tani 4. Remorke ndogo nyingi hazina freni, basi tani hizo zote zinasimamishwa na freni za trakta peke yake. Tena katika fizika tumejifunza kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kufunga freni unakuwa mara nne. Shofa akikanyaga freni ghafula, mzigo unaendelea kusukuma, remorke inakwenda pembeni, na inaweza kupindua trakta yenyewe.

Ndiyo maana mjomba ana taratibu zake. Kabla ya kuondoka anaunganisha pedali mbili za freni, zisije zikashika gurudumu la upande mmoja tu. Anatazama pini, halafu anafunga mnyororo, maana pini ikikatika mnyororo utabaki. Mifuko mizito anaiweka mbele kidogo ya magurudumu ya remorke. Ikikaa nyuma, mkono wa remorke unainuka, na magurudumu ya nyuma ya trakta yanakosa nguvu ya kushika udongo. Kwenye mteremko anaingiza vitesi ndogo angali juu, wala hakanyagi ambreyaji njiani. Hapa kwetu kwenye tambarare ya Ruzizi jambo hilo laonekana dogo, lakini mwulizeni shofa aliyekwisha kushuka Ngomo na mzigo.

Sasa wewe unayening'inia: shofa hakuoni, wala hasikii sauti yako kwa kelele ya mashine. Uzito wako uko nyuma kabisa, mahali pabaya kuliko pote. Remorke ikiruka shimo unaanguka, na kamio inayofuata haina nafasi ya kusimama.

Jirani zetu wa Sange wanajua kwamba ajali ya mzigo haimkuti shofa peke yake. Tarehe 2 Julai 2010 kamio ya mafuta ilipinduka pale. Watu wakasogea kuchota esansi, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 230. Wengi katika sisi tulikuwa wadogo sana au hatujazaliwa, lakini wazazi wetu wanakumbuka.

Najua jua la saa saba, na najua urefu wa njia ya Bwegera, kwa sababu ndiyo njia yangu. Basi wote wa upande ule tutaondoka pamoja mlangoni mwa shule, kwa miguu, upande wa kushoto wa barabara, tukitazama magari yanayokuja. Wadogo watakaa katikati, mimi nitakuwa mbele.

Na majina nitaendelea kuandika.