Nembo Kwenye Barua Pepe: Je, Kikoa Chako Kiko Tayari?

Ni kitambo kidogo sijaandika, kazi zimenisonga. Leo tuzungumzie kile kiduara kinachokaa kando ya jina la mtumaji unapofungua barua pepe. Mara huwa na herufi moja tu, mara huwa na nembo ya kampuni. Wengi hudhani nembo hiyo ni picha iliyopakiwa mahali fulani, basi. Sivyo.

Niliingia katika jambo hili kwa sababu ya matapeli. Kuna sacco moja ya wakulima ninayoitunzia tarakilishi na tovuti. Wanachama kadhaa walipata barua pepe iliyoonyesha anwani ya sacco yenyewe, ikisema nambari ya kulipia mikopo imebadilika. Mama mmoja alilipa marejesho ya miezi miwili huko. Pesa hazikurudi. Mwenyekiti akaniita: "Kijana, nimeona benki zina picha yao kwenye barua. Na sisi tuwekee, watu watujue."

Nikamwambia, "Mzee, picha huja mwisho. Kwanza tuangalie kama nyumba ina mlango."

Mpango wenyewe unaitwa BIMI. Gmail iliuwasha kwa wote Julai 2021, na Apple ikaufuata mwaka 2022 kwa iOS 16. Yahoo nayo imo. Sheria yake ni moja: nembo haionyeshwi mpaka kikoa kithibitishe kwamba barua ni zake kweli. Kwa hiyo kuuliza kama uko tayari kwa nembo ni kuuliza kama kikoa chako kina ulinzi.

Nilianza na SPF na DKIM. SPF ni orodha, ndani ya DNS, ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayobandikwa kwenye kila barua. Sacco ilikuwa nazo zote mbili. Kisha nikaandika amri hii:

dig +short TXT _dmarc.jinalako.co.ke

(Weka kikoa chako, bila shaka.) Jibu lilikuwa na p=none. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. DMARC ndiyo huiambia seva ya mpokeaji ifanye nini barua isipothibitika, na none maana yake ni "tazama tu". Yaani askari wa getini alikuwa ameagizwa aandike wageni kwenye daftari, asimzuie mtu. Tapeli alipita akitumia jina letu.

BIMI haikubali none. Inataka p=quarantine, barua ipelekwe kwenye taka, au p=reject, ikataliwe kabisa. Tena iwe kwa barua zote, si kwa asilimia fulani.

Mbona basi tusibadilishe siku hiyo hiyo? Kwa sababu taarifa za mikopo za kila mwezi hazikutoka kwenye seva yetu. Mhasibu alitumia huduma ya nje, nayo ilitia sahihi kwa kikoa chake yenyewe, si chetu. Tungeweka reject, wanachama wangekosa taarifa zao halali. Nikakaa wiki sita nikisoma ripoti ambazo seva za wapokeaji hutuma ukiweka rua kwenye rekodi ya DMARC. Zilionyesha watumaji watatu: seva yetu, huduma ya mhasibu, na fomu ya tovuti ambayo kila mtu alikuwa ameisahau. Tukaongeza funguo za DKIM kwa kila mmoja, tukapanda hadi quarantine, halafu reject.

Baada ya hapo kuna faili ya nembo. PNG na JPEG hazikubaliki. Inatakiwa SVG ya aina maalum iitwayo Tiny PS: version iwe 1.2, baseProfile iwe tiny-ps, iwe na title, isiwe na skripti wala viungo vya nje. Iwe mraba, na isizidi kilobaiti 32. Faili tuliyopewa na mchoraji ilifunguka vizuri kwenye kivinjari, lakini ndani yake alikuwa ameficha JPEG. Ilibidi ichorwe upya. Faili hiyo hukaa kwenye seva yenye HTTPS, kisha anwani yake huandikwa katika DNS chini ya default._bimi, hivi:

v=BIMI1; l=https://(anwani ya nembo); a=https://(anwani ya cheti)

Cheti ndicho kinachouma mfukoni. Gmail haionyeshi nembo bila cheti. VMC hutaka nembo iliyosajiliwa kama alama ya biashara, na ndiyo huleta ile tiki ya buluu ya Gmail iliyoanza Mei 2023. CMC, ambayo Gmail ilianza kuipokea Septemba 2024, inatosheka na nembo iliyotumika hadharani angalau mwaka mmoja, ila haina tiki. Hapa kwetu alama za biashara husajiliwa KIPI. Watoaji wa VMC wana orodha yao ya ofisi wanazozitambua, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Bei ni mamia ya dola kwa mwaka, na huweza kupita elfu moja.

Halmashauri ilikaa, ikaamua cheti kingoje. Mwenyekiti hakufurahi. Nilimweleza kwamba kilichowalinda wanachama ni reject, na hiyo haikugharimu senti ila muda. Pia nilimweleza upungufu wake: tapeli bado anaweza kusajili kikoa kinachofanana na chetu, herufi moja ikiwa tofauti, na DMARC yetu haitamgusa. Ndiyo maana wanachama waliandikiwa kwamba nambari ya malipo haibadilishwi kwa barua pepe kamwe.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usianze kwa kumtafuta mchoraji. Anza na ile amri ya dig niliyoitaja juu. Ukiona p=none, au usipoona kitu, hapo ndipo kazi yako ilipo. Nembo haitoroki.