Kiongozi wa Wachuuzi

Suneka ni soko lililo kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Migori. Hapo ndipo nilipojifunza kuuza ndizi, chini ya mama mmoja aliyeongoza wachuuzi saba.

Siku ya kwanza hakunipa hata kichane kimoja. Alinikalisha nyuma yake nitazame jinsi alivyowaamkia watu kabla ya kutaja bei, na jinsi alivyopunguza bila kujipunja. Siku ya pili niliuza mbele ya macho yake. Siku ya tatu aliniacha peke yangu, nami nikaficha vichane vilivyobonyea chini ya vile vizima. Haukupita muda, mnunuzi akarudi kwa hasira.

Nilitazamia kufukuzwa. Mama yule alifungua pindo la leso yake, akamrudishia mnunuzi fedha zake, akamwomba radhi kwa niaba yetu sote. Alipokwenda zake, mama aliniambia kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, umeuza kichane kimoja pamoja na wanunuzi wetu wa kesho."

Leo nami nina vijana ninaowafundisha uuzaji. Kila mgeni namkalisha kwanza nyuma yangu. Na siku hiyo nachelea kosa langu kuliko lake, maana ananitazama.