Mgonjwa wa Ini Aendapo Pwani

Sisi wa Ngara na Biharamulo tuko mbali na bahari, lakini arusi na matibabu hutupeleka Pwani. Miongoni mwetu wamo ndugu ambao maini yao yamedhoofishwa na homa ya ini au kichocho, nao huona haya kulisema. Hao ndio tunaowausia.

Katika maji ya chumvi yenye joto huishi bakteria aitwaye Vibrio vulnificus. Huingia mwilini kwa chaza wabichi au kwa kidonda. Kwa mwenye ini gonjwa huweza kuenea katika damu, na takriban nusu ya wanaofikwa na hali hiyo hufa, baadhi ndani ya siku mbili.

Chaza ni halali, lakini mwili ni amana: wapikwe waive, na mwenye kidonda asiingie baharini. Homa ikimshika, aende hospitali siku hiyo hiyo, amweleze daktari habari ya ini lake bila ya kuficha.