Tope la Nyasa Kwenye Friji ya Minneapolis

Duluth, Minnesota

Wa nyumbani Kyela,

Simu yangu ililia saa nane za usiku. Huko kwenu ilikuwa saa nne asubuhi, mtu ameshakunywa chai na kitumbua, akaona ni wakati mzuri wa kumsabahi mjomba. Nimewaeleza habari ya tofauti ya masaa mpaka nimechoka. Nikapokea moyo ukinidunda, maana simu ya saa nane kutoka nyumbani huwa imebeba msiba. Kumbe ni mpwa wangu wa Ipinda, yule anayesomea mambo ya samaki na maji chuo kikuu. Yuko fildi, na anaomba nimtumie laki mbili.

“Za nini?”

“Za kupokelewa, mjomba.”

Mimi nilikua nikijua kupokelewa ni kuvutiwa kigoda na kuulizwa habari za safari. Kumbe siku hizi kuna ofisi, sitaitaja, ambayo mwanafunzi akipeleka barua ya chuo anaambiwa kuna “gharama za usimamizi”. Alikopa kwa wenzake akalipa, ndiyo maana wanamdai. Na baada ya kulipa amesimamiwa wiki tatu kwenye mashine ya fotokopi. Maji ameyaona mara mbili, zote akiwa dirishani kwenye daladala.

Sikulala tena. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikasikia mabuti ya mpira yakishuka ngazi. Ni mpangaji wangu wa kiangazi, binti wa miaka ishirini kutoka jimbo lisilo na ziwa la maana, anakwenda kwenye boti ya utafiti. Yeye naye yuko fildi, ila wanamlipa dola 600 kwa wiki, kwa wiki kumi, na kodi ya chumba changu inalipwa kando. Zidisheni wenyewe kwa bei ya dola ya hapo Kyela mjini, kisha mrudi kwenye ile laki mbili ya kupokelewa.

Niwaeleze utaratibu wa huku. Serikali ya Marekani ina mfuko wa sayansi unaoitwa NSF. Tangu 1987 mfuko huo una fungu la kuwalipa wanafunzi wa shahada ya kwanza waingie maabara na fildi wakati wa likizo, wakafanye utafiti wa kweli chini ya mtu mzima. Hoja yao ni nyepesi: kijana akilazimika kukaanga viazi mgahawani ili apate ada, hatapata nafasi ya kujifunza kupima maji, basi mlipe kama anayekaanga viazi. Msidhani ni peponi, maana mwaka 2025 fedha hizo zilikatwa vibaya na vyuo vingi vikafuta nafasi. Lakini hata pesa zilipopungua, sijasikia anayemtoza mwanafunzi ili amruhusu kushika ndoo.

Duluth, kwa wasioijua, ni mji ulio kando ya ziwa Superior. Kiangazi chake ni baridi ya Tukuyu pamoja na ukungu. Ziwa lao linalizidi letu la Nyasa kwa eneo karibu mara tatu, na hawaachi kunikumbusha. Mimi huwajibu kwa kina: lao mita 406, letu karibu 700. Kisha nawamalizia kwa samaki. Aina za samaki wao hazifiki mia moja, wakati za Nyasa wataalamu wanazikadiria kuwa zaidi ya mia nane, na hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi hivyo. Kwa maneno nawashinda kila siku. Tatizo ni maswali.

Jioni moja mpangaji alinikuta napika usipa, dagaa wetu, niliotumiwa kutoka Itungi (friji yetu tumeigawa: usipa wangu chini, vichupa vyake vya vijidudu vya ziwani juu, na mpaka huo tunauheshimu kuliko ule wa mto Songwe). Nikamsimulia habari za samaki wetu mbasa, anavyotoka ziwani kupanda mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo kwenda kutaga. Akasikiliza vizuri, akauliza: mwezi gani? Nikasema mvua zikianza. Mwezi gani hasa? Wa kwanza hupanda maji yakiwa na nyuzi ngapi? Mwaka jana walikuwa wengi kuliko mwaka juzi? Nani anaandika? Mwana wa Kyela mzima nikabaki nakoroga mchuzi. Najua mbasa anavyonukia akibanikwa. Mwezi wake siujui.

Siku ya pili akanieleza kitu kilichonikalisha chini. Tope la ziwa letu liko Minneapolis, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka kwangu. Mwaka 2005 wanasayansi waliegesha tishari la kuchimbia kwenye maji ya Malawi, wakashusha mabomba mpaka sakafuni na kutoboa. Katikati ya ziwa walichimba mita 380 za tope, na shimo jingine wakalichimba upande wa kaskazini, jirani na sisi. Tope hilo limekatwa vipande, limewekwa lebo na kuhifadhiwa kwenye majokofu ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Wakalisoma tabaka kwa tabaka kama mtu anavyofunua daftari, wakaona kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulipiga ukame uliolipunguza ziwa mpaka likapoteza asilimia 95 ya maji yake. Babu zetu wa Matema walituambia ziwa halikauki. Tope linasema liliwahi kukaribia.

Simlaumu aliyechimba. Alikuja na swali, na fedha, na wanafunzi wake, ambao leo wengine ni maprofesa. Hasira yangu ni kwamba mtoto wa Marekani analipwa kulifungua daftari la Nyasa, na mtoto wa Ipinda anatozwa akapige fotokopi.

Na msiniambie haiwezekani Tanzania. Kuanzia 1998, kwa miaka kadhaa, Kigoma ilikuwa na Mradi wa Nyanza. Wanafunzi wa Marekani na wa Afrika walikaa pamoja wiki kadhaa kwenye kituo cha TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, wakipiga mbizi, wakichota tope la Tanganyika, wakihesabu konokono, na mwisho kila mmoja akasimama kueleza alichokiona. Mmoja wa walipaji alikuwa NSF hiyohiyo. TAFIRI ina kituo Kyela pia, watu wa pwani ya ziwa mnakifahamu. Huko nyuma, kwenye miaka ya tisini, miradi ya SADC ilileta hata meli ya utafiti Nyasa, na ikaitwa Usipa. Ila makao yake yalikuwa upande wa Malawi.

Nimegundua jambo jingine linalotuumiza, nalo ni chumvi. Nionavyo, fedha nyingi za utafiti wa maji katika nchi yetu hufuata bahari. Zanzibar kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari tangu 1978. Kuna pia WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, iliyoanzishwa 1993, yenye ruzuku ndogo kwa watafiti wanaoanza. Kazi nzuri sana, na vijana wa pwani wanaijua kwa herufi. Lakini ziwa lenye maji baridi halimo. Ukiandika “mbasa wa mto Mbaka” kwenye fomu ya bahari, umeshajinyima. Pwani yetu ina mchanga, mawimbi, meli na hata bandari. Imekosa chumvi tu.

Basi mpwa wangu na wenzako, chukueni kalamu.

Barua ya fildi iandikwe miezi sita kabla, na iwe na swali ndani yake. “Naomba nafasi ya mafunzo” inakupeleka kwenye fotokopi. “Naomba kupima joto na uangavu wa maji mlangoni mwa Mbaka kila siku kwa wiki nane” inampa msimamizi kazi ya kukupa. Fungu la mafunzo kwa vitendo la Bodi ya Mikopo ni mkopo, utaulipa wewe, kwa hiyo usilitumie kumlipa mtu akupokee. Ukidaiwa hela, dai risiti ya serikali uone ofisi itakavyokuwa kimya. Ukifika utafiti wa shahada ya pili, ulizia DAAD ya Ujerumani, ambayo hufadhili masomo hapahapa Afrika Mashariki, na kwa miradi midogo ya kuhifadhi viumbe kuna Rufford Foundation ya Uingereza, ambayo haikuulizi kama maji yako yana chumvi. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ujue taratibu zake za kibali mapema, usingoje mpaka umeshapewa hela. Zile nafasi za NSF anazozipata mpangaji wangu ni za raia wa Marekani na wakazi wake wa kudumu. Kijana yeyote wa Mbeya mjini anayekuambia atakuunganisha kwa “ada ya fomu” anataka kula hela ya mjomba. Na kama hujui kuogelea, jifunze. Nimeambiwa kuna wanaosomea maji wanaoogopa mtumbwi.

Wazazi nanyi nina neno. Kakao ilipopanda bei 2024 nilifurahi kuliko mnavyofikiri, maana simu za kuomba hela zilipungua kwa msimu mzima. Nikatumiwa picha: pikipiki mpya, mabati mapya, spika kubwa kuliko mlango wa nyumba. Sikuona hata picha moja ya mtoto aliyelipiwa wiki nane alale Matema apime ziwa. Mtoto akisema anasomea uvuvi mnacheka, eti uvuvi anaujua hata baba yake asiyekwenda shule. Ni kweli, baba yake anaujua. Lakini huyohuyo baba ananilalamikia kila mwaka kwamba mbasa wamekwisha, kisha nasikia ametega wavu mlangoni mwa mto. Nikimuuliza wamepungua kiasi gani, ananionyesha kwa mikono.

Laki mbili nimetuma, ila si za kupokelewa. Mpangaji amenionyesha chombo anachokitumia kila siku: sahani iliyofungwa kamba, nusu nyeupe nusu nyeusi. Unaishusha majini taratibu mpaka isionekane, unasoma kina kwenye kamba, unaandika. Wazo lake ni la padri mmoja wa Kiitaliano, Angelo Secchi, la mwaka 1865, na mpaka leo boti zenye mitambo ya mamilioni bado zinaibeba. Daftari lake mpangaji huliandika kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa unakimbia.

Kwa hiyo, mpwa wangu: Jumamosi nenda mnadani Lyulilo, kule Wakisi wanakoshusha vyungu vyao. Nunua sahani ya bati, rangi mbili, na kamba ya mita thelathini uipige fundo kila mita. Mtafute mjomba wako mwenye mtumbwi, mlipe kwa wiki, usimlipe yote mara moja, unamjua. Tarehe, saa, kina, joto, hali ya mawimbi, jina la aliyeandika. Mvua zikianza, hesabu mbasa wanaoingia Mbaka, na siku utakayomwona wa kwanza nipigie. Hata ikiwa saa nane za usiku.

Mjomba wako.