Gobore la Uwanda wa Makonde

Ukisafiri kwenda Masasi utayaona majabali yake kabla hujauona mji wenyewe. Ukitoka hapo kuelekea kusini mashariki, barabara huukwea Uwanda wa Makonde katikati ya mikorosho mpaka Newala, mji uliojengwa ukingoni. Simama mahali paitwapo Shimo la Mungu: chini yako limetandaa bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji.

Mgeni akisikia jina la Wamakonde hukumbuka vinyago. Leo nakuomba uangalie chuma.

Ulaya na Marekani wako watu wanaotoa fedha nyingi kukusanya bastola adimu za karne ya 19, zile za mwanzo zilizoweza kupiga mara kadhaa bila kushindiliwa upya, kama ile ambayo Samuel Colt aliipatia hataza Marekani mwaka 1836. Silinda yake ilizunguka na kuleta tundu jingine lenye risasi mbele ya mtutu. Usitarajie kuikuta darini kwa mkulima wa Newala. Mzee wa huku akikutajia silaha ya babu, anakusudia gobore. Baruti na marisaa hushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu. Likilia mara moja, kazi yote huanza upya. La gumegume liliwashwa kwa cheche ya jiwe, na mengine ya baadaye kwa fataki.

Magobore yalipanda bara kwa misafara kutoka Kilwa, Lindi na Mikindani, yakibadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watumwa. Tusilifiche jambo hilo: chuma kile kile alichojihami nacho mtu ndicho alichotekwa nacho jirani yake.

Kwa nini basi gobore lilibaki mikononi mwa Mwafrika wakati dunia imekwisha kulitupa? Jibu limo katika Mkataba wa Brussels wa 1890. Mataifa yaliyokuwa yakijigawia Afrika yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiwafikie wenyeji, lakini yakaacha mlango kwa zile za gumegume na baruti ya kawaida. Mkataba ulijipamba kwa jina la kupinga biashara ya utumwa. Faida yake nyingine kwa mtawala sidhani kama inahitaji mwalimu wa kuieleza.

Mwaka huo huo Machemba, kiongozi wa Wayao uwandani hapa, alimjibu Mjerumani Hermann von Wissmann kwa barua ya Kiswahili, akikataa kumtii. Alishikilia msimamo huo hadi 1899, alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Mwaka 1906 alifika mkusanyaji wa namna nyingine. Profesa Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi na Newala, akinunua vifaa vya wenyeji kwa ajili ya jumba la makumbusho la mji wake, huku akinasa nyimbo na kupiga picha za ngoma. Hivyo mjukuu wa Newala anayetaka kuona vitu vya babu zake huenda akalazimika kwanza kutafuta nauli ya Ujerumani.

Kisha ikaja Vita Kuu. Mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mfano wa 1871, zilizotoa risasi moja na wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck aliupita uwanda huu akirudi nyuma, akavuka Ruvuma, na tarehe 25 akaiteka ngome ya Wareno ya Ngomano. Huko askari wake walijipatia silaha mpya.

Sasa fikiria familia iliyorithi gobore. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali. Asiye nacho hulificha, ama hulisalimisha polisi, na silaha zilizosalimishwa zimewahi kuteketezwa kwa moto hadharani. Usalama wa raia kwanza, sibishani. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na alama za kiwandani zilizogongwa kwenye chuma zinaweza kuonyesha umri. Kwa hiyo, ukiwa na jamaa mwenye kitu kama hicho, asimuuzie mpita njia wala asikichimbie shambani. Aende polisi akaeleze, aombe pia watu wa Mambo ya Kale wakitazame kabla hakijatiwa motoni. Na wewe keti na mzee, uandike babu alilipata kwa nani, na kwa kubadilishana na nini.