Mwalimu wa Walimu: Kufundisha Kiingereza Nyamagabe

Mwalimu wa Kiingereza anayetoka Kenya au Uganda kwenda kufanya kazi Rwanda ana deni kwa uamuzi mmoja wa serikali. Mnamo Oktoba 2008 baraza la mawaziri la Rwanda liliagiza kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika shule za umma, mahali pa Kifaransa ambacho shule nyingi zilikitumia kuanzia madarasa ya juu ya msingi. Mwaka wa masomo uliofuata ulianza Januari. Rwanda ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Novemba 2009 ikapokelewa katika Jumuiya ya Madola. Kuhusu sababu za kisiasa na za kibiashara za mageuzi hayo yameandikwa mengi. Yaliyoandikwa kidogo ni ya chumba cha walimu. Maelfu ya watu waliosomea sayansi, hesabu na jiografia kwa Kifaransa walirudi darasani baada ya mafunzo ya likizo wakiwa na chaki ileile, wanafunzi walewale, na lugha nyingine. Mwaka 2011 agizo lililegezwa kidogo: darasa la kwanza hadi la tatu yakarudishiwa Kinyarwanda. Kuanzia la nne kwenda juu Kiingereza kilibaki, na mtihani wa taifa wa darasa la sita ukawa kwa Kiingereza.

Ndipo zikaja nafasi za walimu washauri. Bodi ya Elimu ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 2011, ilipeleka washauri mashuleni kuwasaidia walimu waliopo, na baadhi yao walitoka nchi jirani. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, Mkenya mwenye cheti cha ualimu wa sekondari, alikuwa mmoja wao. Alipangiwa shule mbili katika wilaya ya Nyamagabe, kusini mwa nchi, kule ambako barabara ya kutoka Huye hupanda kuelekea msitu wa Nyungwe na mashamba ya chai ya Kitabi. Ni sehemu ya baridi. Mtu aliyezoea Kisumu hujifunza upesi kulala na sweta.

Safari ya basi kutoka Nairobi huchukua mchana na usiku wake, kupitia Kampala, Mbarara na Kabale hadi mpaka wa Gatuna. Mpakani mambo kadhaa hubadilika kwa mpigo. Gari huhamia upande wa kulia wa barabara, saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tangu 2008, hutolewa kwenye mizigo na kuachwa hapo. Ada ya kibali cha kazi ilikuwa imeondolewa kwa Wakenya, na kuanzia Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda waliweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa karatasi, basi, hii ilikuwa kazi ya ugenini iliyo nyepesi kuliko nyingi. Kutoka kituo cha Nyabugogo, Kigali, hadi Nyamagabe ni kama kilomita 160 za kona.

Tangazo la kazi lilitaja Kiingereza, na mgeni hudhani atafundisha watoto. Alichokuta mwandishi ni kwamba mwanafunzi wake wa kwanza ni mwalimu mwenzake, tena mara nyingi mwalimu aliyemzidi umri na uzoefu. Ratiba ilikuwa hivi: asubuhi kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza somo, saa za mapumziko kuzungumza na mwenye somo, na Jumatano alasiri kukusanya walimu wote kwa mazoezi ya lugha. Hapo kuna adabu yake. Mtu mwenye miaka ishirini kazini hakosolewi mbele ya wanafunzi, wala mbele ya wenzake. Maoni hutolewa njiani, mkiteremka kilima pamoja, na huanza na habari za nyumbani.

Ugumu haukuwa pale wizara ilipoutarajia. Istilahi za sayansi hazikumsumbua mwalimu yeyote, kwa sababu Kifaransa na Kiingereza vimezichota katika Kilatini na Kigiriki kilekile. Aliyejua jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa Kifaransa alihitaji tu kubadili matamshi. Walichokosa ni maneno madogo ya darasani: piga mstari pembeni, futa ubao, acha kumsukuma mwenzako, nani hakumaliza, funga daftari, kaa vizuri. Maneno hayo hayamo katika kitabu chochote cha kiada, na bila hayo somo haliendi. Mwalimu wa baiolojia aliweza kueleza mzunguko wa damu kwa Kiingereza kinachoeleweka, kisha akakwama alipotaka kumwambia mtoto asogeze benchi. Akahamia Kinyarwanda kwa sentensi moja, darasa zima likahama naye, na Kiingereza hakikurudi hadi kengele. Kwa hiyo mazoezi ya Jumatano yaliacha sarufi yakashughulikia benchi, chaki na daftari. Baadhi ya walimu walijaza kurasa nzima za amri ndogondogo, wakazibandika ndani ya jalada la daftari la maandalizi.

Hesabu zilikuwa na mambo yake. Katika mapokeo ya Kifaransa kigawanyo huandikwa kulia, kikitengwa kwa mstari wa wima, na jibu huwekwa chini yake; Kenya kigawanyo hukaa kushoto na jibu hupanda juu. Nukta ya desimali ni mkato. Tarakimu ya moja ina mkia mrefu unaopanda, na saba hukatwa kiunoni. Vitabu vipya vilivyochapwa kwa Kiingereza vilifuata utaratibu wa Kiingereza, mwalimu akaandika ubaoni ule aliofundishwa utotoni, na mtoto akabaki katikati na majibu mawili yenye sura tofauti. Hapa mshauri hana haki ya kusema upi ni sahihi, maana yote ni sahihi. Walichokubaliana walimu ni kufuata kitabu, kwa kuwa ndicho kinachofuatwa na mtihani. Mzee mmoja wa darasa la tano aliendelea na mkato wake hadi alipostaafu, na wanafunzi wake walipita hesabu vizuri tu.

Matamshi hayakuhitaji juhudi kubwa kama wageni wengi walivyoamini. Kinyarwanda hakitenganishi sauti za r na l kama Kiingereza kinavyozitenganisha, hivyo mchele wa Kiingereza huweza kugeuka chawa. Watu hucheka, kisha maana hupatikana. Mkenya naye huleta yake. Baada ya muhula mmoja wanafunzi wa vilima vile walikuwa wakiulizana kama wako pamoja, swali ambalo mwalimu wa Kenya hulitupa kila baada ya dakika tano bila kutaka jibu. Shule jirani, iliyokuwa na mshauri wa Kiganda, ilizungumza kwa lafudhi ya Kampala. Mkaguzi angeweza kujua mgeni wa shule alitoka wapi kwa kusalimia darasa tu.

Lugha ambazo mtu anazijua Rwanda hueleza pia alikolelewa. Miongoni mwa walimu walikuwamo waliokulia Uganda au Tanzania katika familia za wakimbizi wakarudi baada ya 1994, na Kiingereza au Kiswahili chao kilitoka huko. Waliotoka Burundi na Kongo walirudi na Kifaransa. Na wapo ambao hawakuondoka. Mgeni anayemsifu mtu kwa Kiingereza kizuri na kumuuliza alikisomea wapi huwa ameuliza zaidi ya alivyokusudia. Swali hilo huachwa. Likijibiwa, hujibiwa na mwenyewe, kwa wakati wake, na aghalabu kwa sentensi moja.

Hali hiyo iligusa kazi moja kwa moja, kwa sababu vitabu vya Kiingereza vya ulimwengu mzima huanzia familia. Chora ukoo wako. Eleza babu yako alikuwa mtu wa namna gani. Ulipokuwa na miaka kumi na miwili ulikuwa ukifanya nini? Zoezi hilo la mwisho hutolewa ili kufundisha wakati uliopita, na kwa walimu wa umri wa miaka thelathini, mwaka 2012, miaka kumi na miwili ilikuwa 1994. Murambi, ambako maelfu ya watu waliuawa katika majengo ya shule ya ufundi iliyokuwa ikijengwa, iko katika wilaya hiyohiyo, na leo ni mahali pa kumbukumbu. Washauri waliofika na vitabu kutoka Nairobi waliyaondoa mazoezi ya familia kimyakimya, bila agizo la mtu. Wakati uliopita ukafundishwa kwa mpira wa Jumapili, mvua ya wiki iliyopita, ng'ombe aliyeingia shambani, na bei za soko. Ilifundishika. Kuanzia tarehe 7 Aprili huja juma la maombolezo, Kwibuka, ambalo kwa kalenda ya wakati huo liliangukia likizo. Sherehe husitishwa, muziki wa baa hunyamaza, na wakazi hukutana mchana kwa mazungumzo. Mgeni mkazi huhudhuria, hukaa, husikiliza. Hakuna linalotakiwa kwake zaidi ya hapo, na wageni walioona lazima kusema neno hawakukumbukwa kwa wema.

Maisha ya nje ya shule yalikuwa mepesi zaidi. Mwandishi alipanga vyumba viwili karibu na soko, kwa mama mwenye nyumba aliyeamini kwamba mwanamume asiye na mke hawezi kujipikia, na ambaye kila Jumapili alituma mtoto na sahani. Maharage hayakosekani. Mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharage, ambayo Mkenya huyaita githeri, shule za bweni za Rwanda huyaita impungure, na malalamiko ya wanafunzi juu ya chakula hicho ni yaleyale pande zote mbili za Ziwa Viktoria. Mkahawani mteja hulipia sahani ya melanje: hujipakulia mara moja tu, kwa bei moja, kwa hiyo kuna ufundi wa kupanga ndizi, viazi, wali na makaroni chini, maharage na isombe, yaani kisamvu, juu yake, bila mlima kuporomoka. Soda yoyote ni Fanta, na mhudumu huuliza kwanza kama inatakiwa ya baridi au la. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Asubuhi maduka hufungwa, na watu wazima wa mtaa hutoka na majembe kuchimba mitaro, kupanda miti au kujenga. Nyamagabe walijenga pia madarasa, maana elimu ya msingi ya miaka tisa, iliyoanza 2009, ilihitaji vyumba haraka. Walimu waliobeba matofali Jumamosi walifundisha ndani ya matofali hayo muhula uliofuata, na mshauri aliyeshika mwiko wa mwashi vibaya alipata marafiki wengi kwa siku moja kuliko kwa mwezi wa vikao.

Kiswahili kilikuwa na nafasi ya ajabu. Shuleni uongozi ulitaka mgeni aongee Kiingereza saa zote, ili asiwape watu njia ya mkato. Sokoni, kwenye pikipiki na kwa madereva wa malori yaendayo Rusizi, Kiswahili ndicho kilichofanya kazi. Zamani kilihusishwa na wafanyabiashara, askari na Waislamu wa miji, hasa Nyamirambo kule Kigali, na wazee wengine waliendelea kukidharau kama lugha ya wajanja. Vijana walikitaka kwa sababu ya nyimbo za Tanzania. Mwaka 2017 sheria ilikifanya lugha rasmi ya nchi, ya nne. Lakini hata kabla ya hapo kila Mnyarwanda alikuwa akitaja saa kwa Kiswahili pasipo kujali: ratiba ya ukutani ilisema somo huanza saa nane kwa Kiingereza, na hakuna aliyekuja saa nane. Walikuja saa mbili, kama ilivyo Mombasa.

Jambo lililoharibu urafiki mwingi ni fedha. Posho ya mshauri mgeni ilizidi mshahara wa mwalimu wa msingi mara kadhaa, na kila mtu alijua. Walimu wenyewe walitegemea Umwalimu SACCO, ushirika wao wa akiba na mikopo, kununua ng'ombe, kulipa karo ya chuo au kumalizia paa. Mgeni alikuwa na chaguo mbili, zote mbovu kidogo: kuwalipia wenzake Fanta kila mara akaonekana tajiri, au kutolipa akaonekana bahili. Mwandishi aliingia kwenye kikundi cha kuchangiana cha walimu, akatoa kiasi kilekile walichotoa wote, na zamu yake ilipofika akapokea kama wengine. Serikali ilipandisha mishahara Agosti 2022, asilimia 88 kwa walimu wa msingi wenye cheti na asilimia 40 kwa wenye diploma na shahada. Kufikia hapo washauri wengi wa kigeni walikuwa wamekwisha kuondoka. Mikataba ilikuwa ya mwaka mmojammoja, na mwandishi, wake ulipokoma kuongezwa, alipata kazi katika shule ya binafsi Kigali, ambako wanafunzi walijua Kiingereza kuliko baadhi ya wazazi wao na hakuna mwalimu aliyehitaji kufundishwa habari za benchi.

Desemba 2019 wizara ya elimu ilitangaza kwamba Kiingereza kingetumika tena kuanzia darasa la kwanza. Walimu wa madarasa ya chini ndio waliokuwa wameachwa nje ya mazoezi ya Jumatano, kwa kuwa wao walifundisha kwa Kinyarwanda na hakuna aliyeona haja. Mwanzoni mwa 2020 simu kutoka Nyamagabe zilianza kuingia Kigali. Hazikuuliza sarufi. Ziliuliza mtoto wa miaka saba anaambiwaje, kwa Kiingereza, apenge kamasi.