KIJANA WANGU, USIOGOPE KURUDI GUNGU

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad:

Leo nazungumza na wewe uliye mwaka wa mwisho chuoni. Baba na mama wa kijana huyo nao wasiondoke, fungu lao lipo.

Wiki iliyopita, baada ya Isha, simu yangu iliita. Alikuwa kijana wa mtaa wetu hapa Gungu, niliyemfundisha madrasa tangu akiwa hajui alif. Sasa yuko Dodoma, mwaka wa tatu. Tukasalimiana, nikamuuliza habari za mitihani. Akasema, "Shehe, mitihani siiogopi. Naogopa kumaliza."

Nikacheka nikidhani anatania. Kumbe hatanii. Akanieleza kuwa usiku halali. Cheti hajakipata, lakini kila siku anafungua Ajira Portal, anasoma masharti, anafunga, anafungua tena. Mama yake amemsomesha kwa kuuza mawese, na deni la Bodi ya Mikopo linamngoja. Akasema, "Siku nikishuka stendi ya Masanga na begi langu, mtu wa kwanza kuniona ataniuliza: umepata kazi? Nitamjibu nini, Shehe?"

Nilinyamaza. Aya na hadithi za kumpa ninazo, alhamdulillah. Nilinyamaza kwa sababu huyo mtu wa kwanza namfahamu. Ni mimi.

KOSA LANGU

Mwaka juzi kulikuwa na kijana mwingine hapa hapa mtaani. Alimaliza shahada, akarudi. Kila Ijumaa tukitoka msikitini nilikuwa nampa mkono na kumuuliza, "Vipi, bado tu?" Naye anatabasamu, anajibu, "Bado, Shehe, niombee." Nilidhani namjali. Na si mimi peke yangu. Nikimwacha mimi anamdaka mzee mwingine, akifika dukani muuza duka naye anauliza, nyumbani shangazi yake anauliza.

Ikafika Ijumaa sikumwona. Ya pili sikumwona. Nikasema moyoni, hawa wasomi bwana, wakimaliza chuo wanaona msikiti ni wa wazee. Astaghfirullah, nilimdhania vibaya Muislamu mwenzangu.

Baadaye nilishuka Kibirizi kwa shughuli zangu. Nikamkuta pale mwaloni, daftari mkononi, anahesabu magunia ya dagaa ya wafanyabiashara na kuandika nani kapakia ngapi. Nikamwambia, "Mwanangu, umetususa?" Akainamisha kichwa. Akasema, "Hapana, Shehe. Naswali huku chini. Huku hakuna anayeniuliza kitu."

Wallahi neno lile lilinichoma. Imamu mzima, nimemfukuza mtu msikitini kwa swali! Na wakati namuuliza "bado tu?", yeye alikuwa tayari anaamka alfajiri anafanya kazi ya halali. Mimi ndiye niliyekuwa siioni, kwa sababu haina ofisi wala tai. Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya magunia.

HESABU INAVYOSEMA

Kijana wangu, mimi niliishia kidato cha nne. Enzi zetu aliyefika hapo alihesabika mtu mkubwa, na wengi wetu wazee bado tunapiga hesabu kwa kipimo kile. Tunadhani shahada ni tiketi ya treni: ukishaikata, kiti chako kipo.

Tazama hali ilivyo. Mwaka 2014 Uhamiaji walitangaza nafasi 70. Waliofika kwenye usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, walizidi 10,000, wakakaa majukwaani kama wanaosubiri mpira. Mwaka 2025 TRA walitangaza nafasi 1,596, na maombi yakapita 135,000. Gawanya mwenyewe: kwa kila nafasi moja, watu zaidi ya 80. Akipata mmoja, waliobaki wote ni wavivu? Wote hawakusoma? Wote wamerogwa?

Sisi watu wa ziwa tulitakiwa kulielewa hili mapema. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mitumbwi ikalala mchangani. Hali ilikuwa ngumu, tunakumbuka. Lakini ni nani alimfuata mvuvi nyumbani kwake akamwambia, "Wewe hujui kuvua"? Hakuna. Tulijua ziwa limefungwa. Basi mbona mtoto wetu akikuta mlango umefungwa tunamwambia yeye ndiye mbovu?

MTU ALIYEFIKA BILA KAZI

Sasa nikukumbushe kisa cha Nabii Musa (A.S.), kilichomo katika Suratul Qasas. Musa alilelewa katika jumba la Firauni. Akatoka Misri anakimbia, anaogopa, akafika Madyan hana nyumba, hana ndugu, hana kazi. Akawakuta wasichana wawili kisimani, wanazuia wanyama wao, wanasubiri wachungaji wanaume wamalize. Akawanyweshea. Hakuulizia malipo. Kisha akaenda kivulini akamwomba Mola wake, akakiri kuwa ni muhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia.

Angalia mambo mawili. La kwanza, alitumia mikono yake kwanza, halafu akainua dua. La pili, hakumchagulia Allah jina la kheri. Hakusema nataka cheo kile nilichokizoea ikulu. Na kheri ikaja kwa njia ya kuchunga mifugo, miaka minane au kumi, pamoja na mke na nyumba.

Lakini kuna jambo ambalo sisi wazee tunalipita haraka. Musa alipoitwa na baba wa wale wasichana akamsimulia habari zake, neno la kwanza la yule mzee lilikuwa la kumwondolea hofu. Alimtuliza kwanza. Habari ya ajira ikaja baadaye. Mzazi, hilo ndilo fungu lako. Mtoto anaporudi, neno lako la kwanza limtoe hofu.

NASAHA ZANGU

Kwako kijana:

1. Waambie nyumbani ukweli kabla hujapanda basi. Mwambie mama, "Ninamaliza, kazi bado, nitatafuta." Maneno hayo ukiyasema mapema hayatakusubiri stendi.

2. Usidharau kazi ya halali iliyo mbele yako unapoisubiri ile uliyosomea. Endelea kuomba, endelea kusoma, huku mikono inashika kitu.

3. Jihadhari na matapeli. Hofu ndiyo inayowafungulia mlango. Maombi ya kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hayalipiwi. Anayekuambia tuma pesa jina lako lipite, ama ni mwizi, ama anakuingiza kwenye rushwa. Na riziki iliyoanza kwa haramu utailaje na watoto?

4. Ukikosa usingizi siku nyingi, ukaona dunia imekuwa giza, usikae peke yako. Zungumza na mtu unayemwamini, na nenda hospitali. Dua na dawa havigombani.

Kwako mzazi na jirani: acha kumlinganisha na mtoto wa fulani aliyepata. Usimhesabie mbele za watu ulichouza ili asome. Mpe kazi ya kufanya na umshukuru akiifanya. Kama huna la kumsaidia, msalimie tu. Salamu peke yake ni sadaka.

Yule kijana wa Kibirizi amerudi msikitini kwetu. Ajira aliyoisomea hajaipata mpaka leo ninapoandika. Bado anaandika magunia, bado anaomba. Ijumaa tukipeana mkono namuuliza, "Dagaa wanasemaje?" Anacheka, ananieleza.

Na wewe uliyenipigia kutoka Dodoma, jibu langu ni hili, maana usiku ule sikuwa nalo. Siku utakayoshuka Masanga nijulishe saa ya basi. Nitakuja kukupokea mwenyewe, nikubebee begi. Nitakuuliza habari za safari, kisha twende nyumbani kwa mama yako tukale.

Ewe Mola wetu, wafungulie vijana wetu milango ya riziki za halali, waondolee hofu vifuani, na utusamehe sisi tuliowaongezea mzigo kwa ndimi zetu. Aamin.

Mtumie ujumbe huu kijana mmoja unayemjua, na mzazi mmoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.